Diski ikikataa kutoka, usiniambie "chomoa tu"

Kuna maneno mawili yamenichosha. Maneno yenyewe ni "chomoa tu", na ukiishi huku Eastlands utayasikia kila wiki: kwenye saiba ya Kayole, kwenye duka la muvi la Umoja, kwenye studio ya picha kule Donholm. Mteja amemaliza kunakili vitu vyake, anabofya kile kitufe cha kutoa diski kwa usalama, kompyuta inamjibu kwamba kifaa bado kinatumika. Anamwangalia fundi. Fundi hata hainui macho kutoka kwa simu: "Chomoa tu, haina shida."

Leo nataka kubishana na fundi huyo. Nikimaliza naye nitawaendea walioandika ile mashine, kwa sababu wao ndio wenye kosa kubwa zaidi. Na mwisho kuna neno kwa sisi tunaoandika programu hapa hapa Nairobi. Shika chai, maana ni ndefu.

KWANZA, ILE DISKI SI KITU KIDOGO

Watu wengine husoma habari kama hizi wakidhani zinahusu muvi. Diski ya muvi ikiharibika unarudi dukani, unalipa tena, yamekwisha. Lakini tazama nani mwingine anatembea na diski ya nje mtaani.

Kuna kijana wa kupiga video za harusi. Jumamosi amerekodi ruracio nzima, kadi ya kamera ameshaifuta ili aitumie Jumapili kanisani, na nakala iliyobaki ni moja tu, ndani ya diski. Bibi harusi hatavaa tena lile gauni ili wewe urekodi upya. Kuna prodyusa wa muziki. Kumbuka Ethic walitoka Umoja na wimbo wao Lamba Lolo wa mwaka 2018, na baada yao vijana wa mtaa wakatoa ngoma juu ya ngoma, nyingi zikitengenezwa kwenye vyumba vidogo vyenye kompyuta moja. Kuna mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu yake. Kuna mweka hazina wa chama mwenye orodha ya wanachama, nambari zao za vitambulisho na michango yao. Huyu wa mwisho ana jambo la ziada: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde, na kulinda si kuzuia wezi peke yake, ni kuzuia pia zisipotee na zisiharibike.

"Si waweke kwa wingu?" Hilo ndilo jibu la mtu wa ofisi yenye intaneti ya kampuni. Tupige hesabu. Video ya harusi yenye gigabaiti 200, kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika hata mara moja, inachukua sekunde 160,000. Hizo ni saa 44 na ushee, karibu siku mbili, kompyuta ikiwa imewaka usiku na mchana. Na hapo stima zisipotee. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Tarehe 25 Agosti 2023 giza la nchi nzima likarudi, safari hii bila tumbili. Kwa hiyo diski ya nje haitaenda popote hivi karibuni. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, data yetu ya nje ilipitia setilaiti kwa bei ya kuumiza, na flashi ndiyo iliyokuwa intaneti ya mtaa. Kwa faili kubwa, bado ni hivyo.

Ndiyo maana "chomoa tu" inanikera. Anayeisema hapotezi kitu. Anayepoteza ni yule mwenye nakala moja.

NI KWELI KWAMBA MARA NYINGI HAKUNA KINACHOTOKEA

Nimpe fundi haki yake. Ukichomoa kwa nguvu mara nyingi diski itarudi salama. Tena fundi aliyesoma kidogo atakuambia kwamba tangu Windows 10 toleo la 1809, lililotoka mwaka 2018, mpangilio wa kawaida wa diski za nje ni ule wa kuondolewa haraka: Windows haikusanyi data kwenye kumbukumbu ikisubiri kuiandika baadaye, inaiandika papo hapo. Hiyo ni kweli.

Lakini angalia ukweli huo unasema nini na hausemi nini. Unasema kwamba diski ikiwa imetulia, kuichomoa si hatari sana. Hausemi kwamba programu iliyo katikati ya kuandika faili itamaliza faili hiyo ikiwa hewani. Na ule ujumbe wa "kifaa kinatumika" ndio hasa unaokuambia kwamba huenda diski haijatulia! Yaani fundi anachukua sheria ya diski iliyolala na kuitumia kwa diski iliyo macho.

Halafu si kila mashine mtaani ni Windows ya juzi. Saiba ngapi bado zina Windows 7? Na kwenye Linux mambo ni tofauti kabisa. Linux ikinakili faili huziweka kwanza kwenye kumbukumbu, kisha huziandika polepole. Kwa mpangilio wa kawaida inaweza kuacha data isiyoandikwa ifike asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Ukiwa na gigabaiti 6 zinazopatikana, hiyo ni gigabaiti 1.2. Flashi ya bei rahisi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itahitaji dakika mbili kuzimaliza, ilhali ule mstari wa kunakili unaweza kuwa ulifika mwisho zamani. Umeona asilimia 100, ukachomoa, ukafika nyumbani na faili yenye jina zuri na tumbo tupu.

Na mpangilio wa faili nao una maneno. NTFS ina daftari la mabadiliko linaloisaidia kurekebisha muundo wake baada ya ajali, lakini daftari hilo linalinda orodha ya faili, si yaliyomo ndani ya faili. FAT32 na exFAT, ambazo ndizo ziko kwenye flashi nyingi, hazina daftari la namna hiyo kabisa. Ukikatiza katikati, muundo wenyewe unaweza kuvurugika, na ndipo mashine inaanza kukuomba ruhusa ya kufomati. Fundi yule yule aliyesema "chomoa tu" sasa atasema "fomati tu". Angalieni mfululizo huo vizuri, ndugu zangu.

Kama diski ni ile ya kuzunguka, kuna jambo la tatu. Ukiiondoa kwa utaratibu, kichwa cha kusomea kinaegeshwa kwa upole. Ukikata umeme ghafla, kinarudishwa kwa dharura. Watengenezaji hukadiria idadi ya maegesho ya kawaida na ile ya dharura, na ile ya dharura huwa ndogo mno. Kila "chomoa tu" inakula katika hiyo akiba ndogo.

SASA TUMFUATE MKOSAJI MKUBWA

Fikiria korti moja ya Buruburu yenye geti na soja. Unamwambia, "Bosi, nataka kufunga hii korti, kuna mtu ndani?" Anakujibu, "Kuna mtu." Nani? "Mtu." Yuko nyumba gani? "Jaribu tena baadaye." Na muda huo wote kitabu cha wageni kiko kwenye droo yake, kina jina, nambari ya nyumba na saa ya kuingia. Utamwita huyo soja? Utamwajiri mwezi wa pili?

Huyo ndiye Windows. Windows XP ilikuwa ikikuambia kifaa hakiwezi kusimamishwa sasa hivi, ujaribu tena baadaye. Miaka zaidi ya 20 imepita, na Windows ya leo inakuambia ufunge programu ambazo huenda zinatumia kifaa, kisha ujaribu tena. Huenda! Mashine inakukisia wewe, wakati yenyewe inajua.

Na nikisema inajua sibahatishi. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System, utafute chanzo kinachoitwa Kernel-PnP na tukio nambari 225. Hapo utakuta imeandikwa waziwazi: programu fulani, yenye nambari fulani ya mchakato, imezuia kuondolewa kwa kifaa fulani. Jina kamili na njia ya faili yake. Ni dakika ile ile uliyobofya kitufe. Yaani Windows imeandika jina kwenye kitabu, ikafunga droo, ikakugeukia na kusema "kuna mtu".

Msinieleze kwamba jambo hili ni gumu kiufundi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 kuna sehemu ya mfumo inayoitwa Restart Manager, na ndiyo maana ukijaribu kufuta hati iliyo wazi utaambiwa haifutiki kwa sababu imefunguliwa ndani ya Word. Jina limetajwa! Microsoft ilinunua Sysinternals mwaka 2006, pamoja na Process Explorer ya Mark Russinovich ambayo hutafuta ni nani ameshika faili gani. Mwaka 2022 wakaongeza File Locksmith ndani ya PowerToys, kazi yake ni hiyo hiyo. Vifaa vitatu vya kujibu swali moja, na ule ujumbe anaouona mama wa saiba haukubadilishwa useme jina.

Mac nayo isicheke. Mara nyingi inakuambia kwamba programu moja au zaidi huenda zinatumia diski, halafu inakupa kitufe cha kulazimisha. Lakini ukiandika diskutil unmount kwenye terminali, inakutajia nambari ya mchakato uliokataa na mahali ulipo. Kwa nini jina liwe la mtu anayejua terminali peke yake? Meza za GNOME kwenye Linux zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba inawezekana: diski ikiwa na shughuli, linatokea dirisha lenye orodha ya programu zilizoishika. Basi. Hakuna uchawi.

Na wale wanaosema dawa ni kutafsiri, nawaheshimu, lakini wasikilize. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi nzuri ya Kiswahili ambayo nitaisifu siku zote. Lakini ukitafsiri ujumbe usiosema kitu, unapata ujumbe wa Kiswahili usiosema kitu. Tunataka lugha yetu kwenye mashine, na tunataka iwe na habari ndani yake.

JINA LINA MAANA GANI?

Kuna anayeniuliza, "Sasa mama wa saiba akiambiwa jina, litamsaidia nini?" Litamsaidia sana. Karibu visa vyote vya mtaani ni vichache vinavyojirudia, na kila kimoja kina dawa yake:

1. VLC imesimamishwa katikati ya muvi, au Word bado ina hati wazi. Funga programu. Sekunde tatu.

2. Explorer inatengeneza vile vijipicha vya video. Toka kwenye folda hiyo, rudi kwenye diski C, subiri kidogo.

3. Antivirusi inakagua diski. Hapa usichomoe wala usilazimishe. Iache imalize, au uisimamishe mwenyewe.

4. Jina ni System, nambari ya mchakato 4. Hapa ni mfumo wenyewe, na huwezi kuufunga. Zima mashine. Lakini kuanzia Windows 8, kuzima kwa kawaida huwa ni kulala nusu, kiini cha mfumo kinahifadhiwa ili kuwaka kuwe haraka. Kwa hiyo andika shutdown /s /t 0, ambayo inazima kabisa, kisha ndipo utoe diski.

5. Jina ni wscript.exe na hakuna hati yoyote uliyoanzisha. Simama hapo hapo. Hiyo ni programu halali ya Windows ya kuendesha hati, lakini ndiyo inayopendwa na minyoo ile ya kugeuza folda zako kuwa njia za mkato. Diski yako imekataa kutoka kwa sababu kuna mdudu anakaa ndani yake, na flashi inayofuata itakayoingia kwenye mashine hiyo itaambukizwa.

Hiki cha tano ndicho kingetosha kumaliza ubishi. Tuliona Conficker ikisambaa kuanzia Novemba 2008, na moja ya njia zake ilikuwa flashi zinazojiendesha zenyewe zikichomekwa. Microsoft ilifunga mlango huo kwenye Windows 7, na Februari 2011 ikasambaza marekebisho kwa Windows za zamani. Wadudu wakahamia kwenye njia za mkato. "Kifaa kinatumika" ingekuwa kengele ya hatari kama ingesema kinatumiwa na nani. Bila jina, mwizi na VLC wanavaa sare moja, na "chomoa tu" inampeleka mwizi nyumbani kwa mteja akiwa mfukoni.

Kwa wale wa Linux, msikae mkilalamika na mna kitabu cha wageni mezani:

sudo fuser -vm /media/jina/DISKI
sudo lsof /media/jina/DISKI

Kwenye fuser ukiona herufi c, maana yake kuna mchakato umesimama ndani ya folda ya diski hiyo. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe. Andika cd, bonyeza Enter, na diski itatoka. Usiongeze -k kwa sababu uliona mtu akifanya hivyo: inaua kila kilichoshika diski, pamoja na kazi ambayo hujahifadhi. Na umount -l haitoi diski, inaificha machoni pako huku ile programu ikiendelea kuandika. Ukichomoa baada ya hapo ni "chomoa tu" iliyovaa tai. Diski ikikubali kushuka, malizia na udisksctl power-off -b /dev/sdb, ukihakikisha kwanza kwamba sdb ndiyo diski yako. Utasikia ikiacha kuzunguka.

SISI TUNAOANDIKA PROGRAMU

Sasa tugeukie upande wetu. Tunapenda kuwatukana wa Redmond, lakini tazama programu za mauzo, za chama na za kanisa zinazoandikwa hapa Nairobi. Ngapi zinafungua faili ya nakala kwenye flashi na kuiacha wazi hadi programu ifungwe? Fungua, andika, funga. Ni somo la wiki ya pili chuoni.

Kuna mtego mwingine ambao hausemwi sana. Kwenye Windows, mtumiaji akichagua faili kupitia lile dirisha la kawaida la kufungua faili, folda ya kazi ya programu yako inaweza kuhamia kwenye folda hiyo. Umefunga faili vizuri, lakini programu yako bado imesimama ndani ya flashi, na flashi haitoki. Rudisha folda ya kazi mahali pake kwa SetCurrentDirectory ukimaliza. Ni mstari mmoja.

Na kama programu yako lazima ikae na faili wazi kwenye diski ya nje, Windows imekupa njia ya kuombwa ruhusa: jisajili kwa RegisterDeviceNotification, usikilize DBT_DEVICEQUERYREMOVE, na ujumbe huo ukija, hifadhi, funga, achia. Mwandishi wa programu ambaye hajui ujumbe huo upo ndiye anayemlazimisha mteja kuchagua kati ya kuzima mashine na kuchomoa kwa nguvu. Mteja atachomoa. Faili itakayovunjika ni ile ile ya nakala aliyokuwa akiihifadhi kwa ajili ya usalama.

NINACHOTAKA

Kwa Microsoft na Apple: jina liko tayari, mnalo, liwekeni kwenye ujumbe. Sio kwenye kumbukumbu za mfumo, sio kwenye terminali, sio kwenye kifaa cha ziada cha kupakua kwa bando.

Kwa mwenye saiba na mwenye duka la muvi: bandika karatasi ukutani yenye yale mambo matano hapo juu. Karatasi moja, gundi kidogo. Mfundishe kijana wako kwamba swali la kwanza diski ikikataa ni "nani ameishika?"

Kwa mwenye nakala moja: nunua flashi ya pili kabla ya kununua kava mpya ya simu.

Na kwa fundi wetu wa "chomoa tu": sawa, endelea kusema hivyo. Lakini kuanzia leo, mteja akikuuliza, chomeka kwanza diski yako mwenyewe, ile yenye kazi zako zote za miaka mitano, anza kunakili kitu kikubwa, kisha uichomoe mbele yake kabla mstari haujafika mwisho. Ukifanya hivyo mara kumi mfululizo bila kutoa jasho, nitaamini kwamba unayasadiki maneno yako.